Neno "Kuhara" Peke Yake Halitoshi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nimjibu ndugu aliyeandika katika toleo lililopita ya kwamba karani wa hospitali hana shauri na maji ya mto. Kazi yake, asema, ni kunakili alichoandika tabibu, kuhesabu mistari mwisho wa mwezi, na kufunga kitabu. Mengine ni ya watu wa maji na watu wa siasa. Maneno hayo ameyaandika kwa adabu na kwa mkono wa mtu ajuaye kazi, na kwa sababu hiyo yamenitia wasiwasi kuliko kama yangaliandikwa na mjinga. Najua ya kuwa wengi wetu tuliyasoma tukakubali kimoyomoyo, maana yatupa ruhusa ya kurudi nyumbani saa tisa na nusu bila deni la mtu. Mimi nayakataa, na nitasema kwa nini, na msomaji ataamua.

Wanachama wenzetu walio katika ardhi, mahakama au reli huenda hawakijui kitabu tunachobishania. Ni Kitabu Na. 5 cha MTUHA, rejista ya wagonjwa wa nje. Kila zahanati, kituo cha afya na hospitali inacho, tangu Kimamba hata Mikumi, na tangu Kidete hata Kidodi. Mgonjwa aingiapo huandikwa tarehe, namba, jina, mahali akaapo, umri, mume au mke, ugonjwa alioonekana nao, na dawa aliyopewa. Akilazwa huandikwa tena katika Kitabu Na. 14. Mwezi ukiisha karani huhesabu. Nayo hesabu hiyo haina uhuru. Orodha ya magonjwa imekwisha kupangwa: kuhara bila upungufu wa maji mwilini, kuhara na upungufu kiasi, kuhara na upungufu mkubwa, kuhara damu, kipindupindu, homa ya matumbo, kichocho, minyoo, na kadhalika. Hesabu huingizwa katika mtambo uitwao DHIS2, ulioenea nchi nzima kufikia mwaka 2013, na kutoka hapo Morogoro na Dodoma huziona tarakimu zetu kabla wino haujakauka, kama wasemavyo watu.

Sasa tazama kilichotokea njiani. Kitabuni mlikuwa na mtu mwenye jina na kitongoji. Katika taarifa pamebaki tarakimu moja yenye jina la zahanati. Watoto arobaini walioharisha mwezi wa Aprili ni wa zahanati fulani, basi. Kama thelathini kati yao walitoka kitongoji kimoja kinachoteka maji chini ya mahali ng'ombe wanyweshwapo, na kumi wakatoka vitongoji vinane vilivyobaki, taarifa haisemi. Haiwezi kusema, kwa kuwa hapana aliyeiuliza. Kijiji kimekufia katika kujumlisha. Na maji hayakufa hata huko, maana hayakuzaliwa: rejista haina safu ya maji wayanywayo wagonjwa.

Ndugu yetu atasema, "Lakini ziko namba za magonjwa, na hizo ni elimu ya kutosha." Haya, na tuzitazame namba. Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa haikushuka kutoka mbinguni. Asili yake ni orodha aliyoitengeneza Jacques Bertillon, mkuu wa hesabu za watu katika mji wa Paris, ikakubaliwa katika mkutano wa Chicago mwaka 1893. Yaani aliyeitunga, ijapokuwa alisomea uganga, kazi yake ilikuwa ya hesabu na rejista kama sisi. Toleo la kumi la orodha hiyo lilipitishwa mwaka 1990, na ndilo tuliloandikia madai ya bima ya afya miaka hii yote. Humo kipindupindu ni A00, homa ya matumbo A01.0, kichocho B65, na kuhara ambako chanzo chake hakikuainishwa ni A09. Namba hii A09 ndiyo makaburi ya wasiojulikana. Kila kisicho na jina huzikwa humo.

Lakini katika orodha hiyohiyo, nyuma kabisa, katika sura ya herufi Z ambayo makarani wengi hatuifunui, iko namba Z58.2. Maana yake ni mtu aliyefikiwa na maji yaliyochafuliwa. Haielezi ugonjwa, yaeleza hali aliyo nayo mtu. Huandikwa ya pili, baada ya namba ya ugonjwa, wala haiondoi ile ya kwanza: A09 pamoja na Z58.2. Wamarekani, wenye toleo lao wenyewe, wamempa mtu huyo namba Z77.111, wakamwongeza hata yule anayedhaniwa tu kuwa alifikiwa na maji hayo, kabla hajaugua. Na toleo la kumi na moja, lililopitishwa mwaka 2019 likaanza kutumika duniani tarehe 1 Januari 2022, limejengwa ili ugonjwa na sababu yake viweze kufungwa pamoja kwa kamba moja. Kwa hiyo asiseme mtu ya kuwa elimu haikutuwekea mahali pa kuandika. Mahali papo. Mimi nimefanya kazi ya rejista kwa zaidi ya miaka kumi, na katika vitabu vilivyopita mikononi mwangu sikupata kuiona Z58.2 hata mara moja. Hata kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Hapa yanipasa niseme jambo moja wazi, ili nisisingiziwe. Sisemi karani ajitungie. Karani anayebandika namba ambayo tabibu hakuiandikia neno ni mwongo, hata kama maji ni machafu kweli, na siku moja uongo wake utatumika kuangusha ukweli wa wenziwe. Namba hutoka katika neno la tabibu, na neno la tabibu hutoka katika swali alilomwuliza mgonjwa. Kama tabibu hakuuliza, hapana neno. Kama hapana neno, hapana namba. Ugomvi wangu ni juu ya lile swali, na juu ya sisi tunaoketi hatua tatu kutoka meza ya tabibu, tukiuona mstari umekuja na neno "kuhara" peke yake, tukaupokea.

Nitasimulia kisa. Masika moja, nikiwa mahali katika wilaya ya Kilosa ambapo sitapataja, mama mmoja wa kando ya mto alimleta mwanawe mara tatu katika muda wa wiki saba. Mara ya kwanza iliandikwa "kuhara", na makazi yakaandikwa jina la kata. Mara ya pili ikaandikwa "kuhara, upungufu kiasi", na makazi yakaandikwa mjini, kwa kuwa usiku ule alilala kwa dada yake ili awahi foleni. Mara ya tatu mtoto alikuwa na homa juu ya kuhara, na homa ndiyo iliyoandikwa. Ukivisoma vitabu wadhani ni watoto watatu wa mahali patatu wenye mambo matatu. Mara ya nne mtoto aliingia katika Kitabu Na. 14, na safu ya mwisho ya mstari wake ikajazwa neno ambalo kila mwenye mtoto hapendi kulisoma.

Baada ya miezi akaja ofisa wa maji, mtu mwema, mwenye fedha za kisima kimoja. Akauliza: Katika vitongoji hivi, ni kipi watoto huharisha zaidi? Tukampa tarakimu ya zahanati nzima. Akasema, Hii nimekwisha kuiona katika kompyuta, nataka kitongoji. Tukafunua kurasa. Kitongoji kimoja kilikuwa kimeandikwa kwa tahajia nne, na nusu ya mistari ina jina la kata au jina la mji. Yule bwana alingoja asubuhi nzima, kisha akaondoka. Kisima kilichimbwa mahali pengine, ambako mwenyekiti alikuwa hodari wa kuandika barua. Simlaumu mwenyekiti wala simlaumu ofisa, kila mtu alitumia karatasi aliyokuwa nayo. Katika ile mistari mitatu ya mtoto, mwandiko wa makazi katika miwili ni wangu.

Ndugu yetu hukaa mjini, na huenda ameusahau mto. Basi nimkumbushe. Mkondoa hushuka kutoka milima ya Usagara, hufuatana na reli ya kati, hupita Kilosa mjini, kisha huenda kuingia Wami. Mwisho wa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 ulivunja tuta lake, ukaingia katika nyumba, ukang'oa reli hata treni za bara zikasimama, na maelfu ya watu wakakaa katika mahema. Januari 2014 mafuriko yalirudi, na daraja la Dumila likachukuliwa. Maji ya namna hiyo hayachagui. Huingia vyooni kwanza ndipo yaingie visimani. Na hata masika yakiwa ya upole, mto mmoja hunyweshwa mifugo, hufuliwa nguo, humwagilia mpunga, hupokea yaliyotoka mashamba ya mkonge na ya miwa na dawa zake za wadudu, kisha huchotwa kwa ndoo. Wilaya yenyewe imegawanywa na maji: upande wa kaskazini humwagia Wami, na upande wa Kidodi na Ruaha humwagia Rufiji. Maana yake, wagonjwa wa hospitali moja ya Mikumi huweza kuwa wametoka katika mabonde mawili, yenye mabodi mawili ya maji, na tarakimu yao moja haimfai hata mmoja kati ya wakubwa wa mabodi hayo.

Wako wanaosema: kipindupindu kikizuka hapana upungufu wa maandishi. Ni kweli, na ninakubali. Tangu nchi yetu ilipochukua utaratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa mwaka 1998, kipindupindu huandikwa mtu kwa mtu, kijiji kwa kijiji, na habari hupelekwa upesi. Katika mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea hata Visiwani, wagonjwa walioandikwa hadi mwanzo wa Januari 2018 walikuwa 33,421, na waliokufa 542. Twazijua hesabu hizo kwa sababu mtu alizihesabu. Lakini fikiri: kipindupindu hakianzishi njia, hupita njia iliyokwisha kutengenezwa. Maji yaliyopitisha kipindupindu mwezi wa Desemba ndiyo yaliyokuwa yakipitisha kuhara mwezi wa Machi, na wa Mei, na mwaka uliotangulia. Kama tungalikuwa tumeandika kuhara pamoja na maji yake, njia ingalijulikana kabla mgeni hajaipita. Twangoja mwizi aingie ndipo tuhesabu milango.

Na kwa kuwa nimetaja kipindupindu, niseme lile ambalo husemwa kwa kunong'ona. Neno hilo laogopwa. Likiandikwa, masoko hufungwa, mama lishe hufukuzwa, harusi na matanga huzuiliwa, na wakubwa huja na magari kuuliza nani alikuwa wapi. Kwa hiyo yuko mkubwa hapa na pale amwambiaye karani, "Andika kuhara kwanza, tusubiri." Kusubiri jibu la maabara ni halali, hapana awezaye kukithibitisha kipindupindu kwa macho. Lakini kusubiri kusiwe jina la kuficha. Karani mwaminifu huandika alichoambiwa na tabibu, na tarehe yake, na ya kuwa sampuli imekwenda. Jibu likirudi huliandika bila kufuta la kwanza. Mstari uliofutwa kwa wembe husema mengi kuliko mstari wenyewe.

Ndugu yetu ameuliza, kwa dhihaka kidogo, kama twataka makarani wawe madaktari. Namjibu kwa habari ya London. Mwaka 1854 kipindupindu kilikuwa kikiua watu katika mitaa ya kusini ya mji ule, na nyumba za mtaa mmoja zilikuwa zikinunua maji kwa kampuni mbili: moja ikichota Thames chini, penye uchafu wa mji, nyingine imekwisha kuhamisha bomba lake juu ya mto tangu mwaka 1852. Dr. John Snow alidhani maji ndiyo sababu, na wakubwa wa elimu wakamcheka, kwa kuwa wao waliamini hewa mbaya. Alihitaji kujua kila aliyekufa alikunywa maji ya nani. Alianza mwenyewe kutembea mlango kwa mlango. Lakini katika ofisi kuu ya vizazi na vifo alikuwapo William Farr, mtu wa hesabu, ambaye wakati huo naye bado alishika imani ya hewa mbaya. Hakumwamini Snow. Hata hivyo aliwaagiza waandishi wa vifo wa wilaya zile kwamba, kila wamwandikapo aliyekufa kwa kipindupindu, waulize nyumba yake ilipata maji kwa nani, na waandike.

Swali moja tu, wala halikuhitaji shahada. Hesabu za Snow zikaonyesha ya kuwa katika kila nyumba 10,000 za kampuni ya maji machafu walikufa 315, na katika nyumba 10,000 za ile nyingine walikufa 37. Mtaa mmoja, hewa ileile, majirani wa ukuta kwa ukuta. Kijidudu chenyewe Robert Koch alikuja kukitangaza baada ya miaka thelathini, Snow akiwa amekwisha kufa. Kwa hiyo sehemu ya nguvu ya hoja ilitoka katika safu iliyoongezwa na karani mkuu ambaye hata hakuisadiki hoja. Miaka kumi na miwili baadaye, katika kipindupindu cha 1866, Farr alisimama upande wa maji kwa hesabu zake mwenyewe. Sikuombeni msadiki jambo lolote, ndugu zangu. Nawaombeni mwulize na mwandike.

Tena ziko sumu za maji zisizoharisha mtu, na huko ndiko uzembe wetu unakokuwa mkubwa zaidi. Wenzetu wa Arusha na Kilimanjaro wayajua maji ya floridi, yanayotia meno rangi ya kahawia na kupinda miguu ya watoto. Kwa miaka mingi kiwango kilichoruhusiwa nchini kilikuwa miligramu 4 kwa lita, kwa kuwa maji mengine hayakuwapo. Sasa ni 1.5, sawa na Shirika la Afya Duniani. Meno yale yana namba yake, K00.3, na mifupa ile ina namba yake, M85.1. Lakini mtu wa meno ya kahawia haendi hospitali kwa ajili ya meno. Huenda kwa kikohozi, akaandikwa kikohozi. Aliyepatwa na sumu ya dawa ya wadudu ana T60, lakini shambani husema tu kichwa chamwuma na macho yamtoka machozi, akapewa dawa ya maumivu, akaandikwa maumivu ya kichwa. Sumu ya zebaki huja polepole zaidi. Kule Minamata, Japani, ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na serikali ilikubali mwaka 1968 kuwa ulitokana na zebaki ya kiwanda iliyomwagwa baharini; miaka kumi na miwili ya kubishana, na baada yake miongo ya watu kutakiwa kuthibitisha kwa karatasi kwamba wao nao ni wagonjwa. Hapa kwetu mto Tigithe, Tarime, ulipoingiliwa na maji ya mgodi mwaka 2009, mabishano juu ya walioathirika yaliendelea muda mrefu. Mzee wa kijiji aliye mbele ya tume hana mashine ya kupimia damu. Ana kumbukumbu yake, na kitabu chetu. Kitabu kikinyamaza, kumbukumbu yake huitwa maneno ya mitaani.

Sasa nije kwenye vizuizi, maana si vya kubuni. Tabibu mmoja huona wagonjwa wengi mno kwa siku, nao wamekaa hata chini ya mwembe. Nikimwomba aandike habari ndefu ya maji, atanifukuza, na atakuwa na haki. Fomu ya bima hulipwa kwa kazi iliyotendwa, na Z58.2 haiongezi hata senti moja katika dai; kwa hiyo mganga mfawidhi atauliza faida. Kompyuta nayo haina mahali pa kuiweka katika taarifa ya mwezi. Na liko neno la siri za wagonjwa, ambalo sheria ya mwaka 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi imelitilia nguvu. Yote haya nayakubali kuwa kweli, na bado sioni hata moja linalomzuia mtu kuandika herufi mbili.

Herufi mbili ndizo niombazo. Baada ya neno la ugonjwa, kwa kila mwenye kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo au kichocho, tabibu aandike MT kwa mto, KS kwa kisima cha wazi, BW kwa bwawa, BM kwa bomba. Mgonjwa hulijibu swali hilo kwa neno moja akiwa anavua viatu. Karani wa mapokezi aweza hata kuliuliza kabla, akaliandika kwa kalamu ya risasi katika kadi, tabibu akalithibitisha. Pale tabibu aonapo kwa akili yake kuwa maji yale ni machafu na ndiyo yaliyomfikisha mtu hapo, aandike hivyo kwa maneno yake, na hapo karani ana haki na wajibu wa kutia Z58.2. Pale asipoona, ibaki herufi tu, maana kunywa maji ya mto si lazima kuwe kunywa uchafu, na sitaki tuharibu namba kwa kuimwaga kila mahali.

Na kitongoji kiandikwe kitongoji. Kata haitoshi, na mahali mtu alipolala jana si makazi. Iwepo karatasi moja iliyobandikwa ukutani yenye majina ya vitongoji vyote vinavyoitegemea zahanati, kwa tahajia moja iliyokubaliwa na maofisa watendaji wa vijiji. Kila karani aifuate, hata kama kwao wanakiita vingine. (Najua Wasagara na Wakaguru watanigombeza juu ya tahajia ya majina kadhaa. Tugombane mara moja, kisha tuandike.)

Mwezi ukiisha, pamoja na taarifa ya kawaida, karani atengeneze ukurasa mmoja: vitongoji upande wa kushoto, herufi za maji juu, tarakimu katikati. Hapana jina la mgonjwa ndani yake, wala namba yake, kwa hiyo sheria ya siri haiguswi. Na kitongoji chenye mgonjwa mmoja au wawili tu kiunganishwe na jirani yake ili mtu asitambulike. Nakala moja iende kwa mganga mkuu wa wilaya, ya pili kwa wakala wa maji vijijini, RUWASA, aliyeundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ya tatu kwa bodi ya bonde linalohusika. Ukurasa huo hautagharimu serikali kitu zaidi ya karatasi. Mimi nimeujaribu kwa miezi mitatu katika kituo nilipo sasa, kwa idhini ya mfawidhi, na kazi yake ni kama saa moja na nusu kwa mwezi. Tabibu wetu alinung'unika wiki ya kwanza. Wiki ya tatu alinijia mwenyewe akasema, "Bwana, umeona hizi BW zote zatoka wapi?" Nilikuwa nimeona.

Jambo la mwisho ni la chama chetu. Chama cha watumishi si chama cha mishahara na nyumba peke yake, ijapokuwa mishahara na nyumba zina haki yake, na mimi nimekwisha kutia sahihi katika maombi yote ya nauli. Wazee waliotutangulia katika vyama vya namna hii walidai waheshimiwe kwa hoja kwamba bila kalamu zao nchi isingeendeshwa. Hoja ile ilikuwa kweli. Lakini haifai tudai heshima ya kalamu siku ya kudai posho, kisha siku ya kuulizwa juu ya mtoto wa kando ya mto tuseme, "Sisi hunakili tu."

Kwa hiyo nimemkabidhi katibu wa tawi la Kilosa hoja yenye mambo mawili: kwamba wanachama walio katika rejista za hospitali, vituo na zahanati za Kilosa na Mikumi waanze kuandika kitongoji na herufi za maji tangu mwezi ujao, kwa makubaliano na wafawidhi wao, na kwamba chama kiandike kwa mganga mkuu wa mkoa kuomba safu hiyo iingizwe katika kitabu wakati kitakapochapwa upya. Ndugu aliyeandika katika toleo lililopita namwomba ahudhurie mkutano, apinge uso kwa uso, maana yeye ni msemaji kuliko mimi. Aje pia na Kitabu Na. 5 cha ofisi yake cha masika iliyopita, kama mfawidhi wake ataruhusu kitoke, na mimi nitakuja na changu. Tutavifunua mbele ya wanachama, tutafute pamoja mahali walipokaa wale watoto.

Ni mimi,
Karani wa Rejista,
Kilosa.